Priska, Wifi Yake, na Kifutu Mwenye Mimba

Priska alikuwa mwanamke wa Kigogo wa upande wa Chamwino, mjane wa miaka kama thelathini na mitano, na katika vijiji vyote vya jirani hapakuwa na mtu aliyewajua nyoka kumshinda. Jina alilopewa na baba yake aliliacha kwenye maji ya ubatizo, lakini elimu aliyopewa na baba huyohuyo hakuiacha. Mzee yule alikuwa mfugaji. Kila mwaka alipoteza ndama mmoja au wawili kwa meno ya kifutu, yule nyoka mfupi mnene ambaye wengine humwita bafe, hata akachoka kulalamika, akaanza kutazama. Alichokiona alimwonyesha binti yake.

"Nyoka wengine wakisikia kishindo cha mguu wanakimbia," alimwambia. "Huyu hakimbii. Anaamini kwamba humwoni. Na kweli, humwoni."

Priska akajifunza kumwona. Alizitambua zile alama zilizokaa kama panda, moja nyuma ya nyingine, toka shingoni hadi mkiani, zenye rangi ya majani makavu na udongo. Alijifunza kwamba kifutu asiye na haraka hatembei kwa kujipinda kama nyoka wengine, bali hujivuta akiwa amenyooka kama kiwavi, akaacha mavumbini mchirizi mmoja, utadhani mtu kaburuta mchi. Alijua kwamba jua likizama hupenda kulala njiani, pale ardhi inapokuwa bado na joto, na kwamba anaweza kumngoja panya kutwa nzima bila kusogea hata unywele. Akiudhiwa hujijaza pumzi na kuitoa kwa kishindo, kama mivukuto ya mhunzi. Huo ndio wema wake pekee, maana baada ya hapo hupiga kabla kope hazijagusana, kwa meno marefu ambayo akifunga kinywa huyakunja na kuyalaza juu kwenye kaakaa.

Basi nyoka akionekana ghalani au kisimani, watu walipaza sauti: "Mwiteni Priska!" Naye aliyapenda maneno hayo mawili kuliko chakula. Hakuwa na mume, hakujaliwa mtoto, na alikuwa amerudi kuishi katika tembe la marehemu baba yake pamoja na mama yake, aliyekuwa karibu kupofuka, na mdogo wake Sila. Alichokuwa nacho peke yake hapa duniani ni kule kuitwa. Alipofika na fimbo yake ya panda, wanaume walimpisha. Alimbana nyoka shingoni, akamshika nyuma ya kichwa, akampeleka mbali porini, na njiani kurudi alitembea polepole ili wote wamwone.

Ndipo Sila akaoa.

Mke wake aliitwa Loisi, msichana mwembamba kutoka upande wa Mvumi, mpole wa maneno, mwenye bangili za shaba zilizojaa mkono wa kulia toka kifundo hadi karibu na kiwiko. Priska alimpokea vizuri. Alimfundisha mahali pa kuchota maji na jinsi mama alivyopenda mlenda wake. Mwezi mzima wifi hawa wawili walicheka pamoja wakitwanga uwele.

Siku moja, mvua za mwanzo zikiwa zimeshanyesha, Priska alisikia kelele kwa jirani yao Bartolomayo. Alikuwa shambani. Alitupa jembe, akakimbilia fimbo yake nyumbani, akafika kwa Bartolomayo akihema. Akakuta watu wanapiga vigelegele. Katikati ya ua alisimama Loisi, na mbele yake palikuwa na mtungi ulioinamishwa, mdomo umezibwa kwa ungo.

"Umechelewa, dada!" Bartolomayo akamwambia kwa furaha. "Kifutu alikuwa chini ya mabua. Wifi yako kamlazia mtungi mbele yake, akamgusa mkia kwa ufito, kaingia mwenyewe kama mgeni aliyekaribishwa. Hata hakumshika!"

Priska alitabasamu. Ni midomo tu iliyotabasamu.

"Nani alikufundisha?" alimwuliza Loisi walipokuwa wakirudi.

"Bibi yangu, wifi. Alisema nyoka anapenda giza, basi mpe giza. Nilitaka wakungoje wewe, wakaniambia uko mbali."

Jibu lilikuwa la adabu, na adabu yenyewe ikazidi kumchoma. Kama angejisifu, angalau Priska angepata la kumchukia.

Tangu siku hiyo alianza kuhesabu. Ghala la katekista: Loisi. Kisima cha mbuyuni: yeye. Zizi la kina Silvano: Loisi. Akawa anasikiliza sauti za watu kwa mbali, jina gani linaitwa. Ugali wa Loisi, aliousifu mwezi uliopita, ukawa na mabuje. Kicheko chake kikawa kirefu mno. Mama alipomwita mkamwana "mwanangu", Priska alitoka nje akaenda kupasua kuni zisizohitajika. Alijua kwamba huo ni wivu. Alifundishwa darasani misheni kwamba wivu ni dhambi, na aliukiri kila Jumapili. Jumatatu aliukuta mlangoni, umekaa kama mbwa wa nyumbani.

Mwaka huo reli ya Wajerumani ilikuwa inapanda kutoka Gulwe kuelekea Dodoma, na kambi ya wafanyakazi ilipigwa si mbali na kijiji. Mkalimani wa kambi alikuwa Athuman, mtu wa Kilimatinde, mwungwana wa kanzu na kofia. Mwezi wa tatu alifika kwenye tembe la kina Sila akitafuta mtu.

"Bwana Mpimaji anakusanya wanyama na wadudu wa nchi hii, awapeleke kwao Ulaya," alieleza baada ya salamu. "Anataka kifutu mkubwa, mzima, asiye na jeraha. Kila sanduku analiandika: mnyama gani, ametoka wapi, nani kamkamata. Jina la aliyemkamata litasomwa huko na wakubwa wenye elimu. Nimeambiwa hapa kuna mwanamke wa nyoka."

Priska alishainuka. Alikuwa ameshajifunga kanga yake vizuri na kusogea mbele.

"Karibu," alisema.

Athuman alimtazama, akatazama nyuma ya bega lake. "Samahani, dada. Niliambiwa ni mwembamba, mwenye bangili. Loisi."

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka ingekuwa nafuu. Mama, ambaye macho yake hayakuona uso wa binti yake, alisema tu, "Loisi yuko kisimani, baba. Kaa, anakuja."

Loisi aliporudi na kuelezwa, alimfuata Priska jikoni. "Wifi, twende wote. Wewe unajua nyayo zao kuliko mimi. Tumwambie aandike majina yote mawili."

"Mimi nina palizi," Priska alijibu, akichochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Loisi alikwenda peke yake, na siku ya pili akarudi na kifutu ambaye hata Priska hakuwahi kumwona mkubwa kama yule. Alimpata kando ya tuta jipya la reli, katikati ya mawe. Alikuwa mnene kama paja la mtu. Athuman alileta sanduku la mbao lililokuwa la misumari, lenye wavu wa waya juu, akasema Bwana Mpimaji ameshuka Mpwapwa na atarudi baada ya siku tano. Ubavuni mwa sanduku alibandika karatasi na kuandika kwa kalamu. Priska alijua kusoma. Alisoma herufi tano, L, O, I, S, I, akazisoma tena, kama mtu anayebonyeza jipu.

Sanduku liliwekwa kwenye chumba cha mbele cha tembe, penye kivuli. Jioni ile Priska aliinama kumtazama nyoka. Akatazama mara moja, akaelewa.

Kifutu aliyekula panya huvimba mahali pamoja, katikati. Huyu alikuwa amejaa kuanzia katikati hadi karibu na mkia, sawasawa pande zote, na ngozi imetanuka hata magamba yakaachana. Alikuwa na mimba, tena iliyokaribia. Baba yake alimwonyesha mmoja kama huyo akiwa msichana. Nyoka wengi hutaga mayai, lakini kifutu huzaa. Huzaa ishirini, thelathini, hata zaidi, kila mtoto amefungwa katika kiwambo chepesi kama utando wa kitunguu, naye hukipasua mwenyewe na kwenda zake. Mtoto ana urefu wa shubiri, unene wa kidole cha mkono. Hanyonyeshwi, halindwi. Na meno anayo, na sumu anayo, tangu saa ile ile.

Priska akatazama sanduku. Kati ya ubao na ubao, upande wa chini, palikuwa na nafasi. Akaingiza kidole chake cha shahada. Kikapita bila kugusa mbao.

Loisi alikuwa amesimama nyuma yake. "Wifi, huyu mbona mnene hivi? Kwetu sijamwona wa namna hii."

Ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalikuwapo, mepesi, manne au matano tu. Lakini Priska aliona watu watakavyosema: Loisi kamkamata mama na watoto wake wote! Aliona karatasi ndefu zaidi yenye jina lilelile. Na chini ya hayo, mahali ambapo hakutaka kupatazama, aliona jambo jingine: sanduku tupu, Loisi akiaibika mbele ya Athuman, watu wakisema, ndiyo maana kazi hii ni ya Priska.

"Kala panya," alisema. "Wako wengi huko kambini."

"Nami nilidhani hivyo," Loisi akajibu, akashukuru, akaenda kusonga ugali.

Siku mbili Priska hakupata raha. Alijiambia kwamba labda watoto hawatazaliwa kabla ya siku ya tano. Alijiambia kwamba atasema kesho. Alimwona Loisi akimwekea nyoka kibakuli cha maji, akizungumza naye kwa upole kama anazungumza na mbuzi, na kila alipotaka kufungua kinywa, ile karatasi ilimkodolea macho. Wivu una tabia ya kumfanya mwenye nao ajione yeye ndiye aliyeonewa. Mchana wa siku ya pili alikuwa ameshajishawishi kwamba Loisi alipaswa kujua mwenyewe. Bibi yake si alimfundisha kila kitu?

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi. Mama, ambaye kwa kawaida alikaa uani akichambua karanga, alihamishiwa ndani, akatandikiwa ngozi ya ng'ombe katika chumba cha mbele. Priska alikuwa jikoni. Hakujua kwamba mama yuko kule, hadi aliposikia sauti yake, tulivu kabisa, ikiuliza:

"Loisi, mwanangu, umeniangushia kamba hapa mapajani? Inatembea."

Priska alidondosha upawa. Alipofika mlangoni aliwaona. Wengine walikuwa sakafuni wakielekea ukutani, wengine wamejikunja pembeni mwa karanga, wadogo, wazuri, kila mmoja na panda zake mgongoni zilizochorwa safi. Mmoja alikuwa juu ya nguo ya mama, kichwa kimeinuka, akipumua kwa hasira pumzi ndogo kama ya mtoto anayepuliza moto. Wengine walikuwa bado wanachuruzika kutoka chini ya sanduku.

"Mama, usisogee," Priska akasema. "Usiinue hata kidole."

Lakini Loisi alikuwa ameshaingia kutoka mlango wa pili. Hakujua kinachotoka sandukuni ni nini, ila alimwona nyoka juu ya mama mkwe wake, na hiyo ilimtosha. Hakutafuta mtungi wala ufito. Alinyoosha mkono, akamkamata yule mdogo katikati ya mwili, akamtupa ukutani. Halafu akautazama mkono wake wa kulia. Kwenye kidole cha kati palikuwa na matone mawili ya damu, madogo kama vichwa vya sindano.

"Ni mdogo," alisema. "Ni mdogo tu, wifi. Hana kitu, sivyo?"

"Anacho," Priska alisema. "Kaa chini."

Sila alikuja mbio, akambeba mama akamtoa nje. Priska alimshika Loisi mabega, akamlaza jikoni, mbali na wale nyoka, akamwambia asitembee, asikimbie, asilie kwa nguvu. Kisha akaanza kuzivua bangili za shaba. Aliupaka mkono samli, akavuta moja baada ya nyingine, haraka, kwa sababu alijua kitakachofuata. Ya mwisho ilipotoka kidole kilishakuwa kama muhogo, na nyuma ya kiganja ngozi ilikuwa inang'aa.

Bartolomayo alifika mbio na wembe mkononi na kamba ya katani begani. "Tumchanje, damu mbaya itoke! Tumfunge juu ya kiwiko!"

"Weka chini," Priska akasema.

"Dada, ndivyo wazee—"

"Mjomba wangu alifungwa kamba kwa jino la kifutu. Sumu hii inaozesha nyama palepale ilipo. Ukiifungia mahali pamoja inakula mahali hapo hadi mfupa. Walimkata mkono. Nilikuwapo. Weka kamba yako chini, nitafutie vijiti viwili vilivyonyooka."

Akauweka mkono kati ya vijiti, akauzungushia vitambaa bila kukaza, usichezechezwe. Vijana wakaleta kitanda cha kamba, wakamfunika kwa ngozi akingwe na mvua, wakamchukua kwenda misheni ambako kulikuwa na mwuguzi. Priska hakuweza kumfuata. Chumbani mlikuwa na watoto wa nyoka, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuwakamata.

Aliwakusanya hadi jua likazama. Aliwalazia mtungi, kama alivyofanya Loisi, akawagusa mikia kwa ufito, nao waliingia mmoja mmoja gizani. Ishirini na saba. Na yule aliyekufa ukutani, ishirini na nane. Mama yao hakujishughulisha nao hata kidogo. Alikuwa amelala sandukuni, amekonda, ngozi imelegea, macho yake yasiyo na kope yakimtazama Priska. Ile njia ya mtungi ilikuwa bora kuliko fimbo ya panda. Priska alijua hilo tangu siku ya kwanza kwa Bartolomayo, na sasa alilikiri, akiwa amepiga magoti kwenye karanga zilizomwagika, akilia.

Siku nne hakuna aliyejua kama Loisi atapona. Mkono ulivimba hadi begani, ukawa mweusi na wa zambarau, akatapika, akawaka homa. Mwuguzi wa misheni hakuwa na dawa ya kuondoa sumu. Alimpa maji ya kunywa, akasafisha jeraha kila siku, akangoja. Siku ya tano homa ikashuka. Nyama ya kidole cha kati iliharibika, ikabidi kikatwe kwenye kifundo cha pili.

Siku hiyohiyo Athuman alikuja kuchukua sanduku, maana mvua ilikuwa imemchelewesha Bwana Mpimaji njiani. Alisikia habari, akastaajabu, akatoa karatasi mpya. "Na hawa ishirini na saba, kawakamata nani? Niandike jina lako, dada?"

Jina lake kutajwa, hilo ndilo jambo alilolitamani kwa miezi. Priska alijisikia akilitamani bado, wakati uleule ambapo wifi yake alikuwa amelala na mkono uliofungwa. Hilo lilimtisha kuliko nyoka.

"Andika Loisi," alisema. "Mtungi ni wake."

Jioni alikwenda misheni. Alimkuta Loisi ameketi, anakunywa uji kwa mkono wa kushoto.

"Nilijua ana mimba," Priska alisema akiwa bado amesimama. "Uliponiuliza, nilijua. Nikakuambia panya. Nilipima nafasi ya ubao kwa kidole changu."

Loisi aliweka bakuli chini. "Kwa nini?"

"Kwa sababu walianza kukuita wewe."

"Mama angekufa," Loisi alisema. Kisha akajigeuza, akaelekea ukutani, na Priska akarudi nyumbani peke yake.

Hakuficha. Alimwambia Sila, akamwambia mama, akasema mbele ya kanisa, na watu wakamwepuka kama ilivyostahili. Sila hakumsemesha hadi mavuno. Loisi alimsalimu kila asubuhi, kwa sababu alilelewa vizuri, lakini zaidi ya salamu hapakuwa na neno. Waliotaka kuondolewa nyoka walimwita Loisi, naye kwa mkono wake wa vidole vinne na nusu hakuweza tena kuinua mtungi peke yake. Mara ya kwanza hilo lilipotokea, alisimama mlangoni mwa Priska, akasema tu, "Shika upande mmoja." Wakaenda. Wakarudi bila kuongea. Mara ya pili wakaongea habari za njia. Ndivyo walivyoendelea, mwaka mzima, gari la moshi likiwa limeshaanza kupita na kuwatia mbuzi wazimu.

Mvua zilizofuata zilipootesha uwele, walikuwa wakipalilia mstari kwa mstari, Loisi akiwa na mimba ya kwanza, tumbo limeanza kuonekana. Wanawake wawili wa njiani walisimama, wakamsifu, wakamtakia heri, wakapita. Jembe la Priska lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

"Bado unanionea wivu?" Loisi akauliza, bila kuinua kichwa.

Priska alifikiri. Aliona ameshasema uongo wa kutosha maishani.

"Ndiyo," alisema. "Leo, sana."

"Haya," Loisi akasema. "Umeruka magugu pale nyuma."

Priska akarudi nyuma, akayang'oa.